Namba ya simu ya waziri nayo ni mali

Mhariri,

Kuanzia Aprili mpaka Juni sisi wa Dodoma huijua bajeti kwa bei ya vyumba. Gesti za Area C hujaa, na si wabunge peke yao wanaozijaza. Wamo waliokuja "kuweka mambo sawa" kabla Muswada wa Fedha haujapita, baadhi yao wastaafu wa serikali wanaojua kila mlango kule Mtumba, kwenye mji wa ofisi za serikali. Kulobi, yaani kuwashawishi watunga sheria, si kosa. Wadau huitwa mbele ya kamati za Bunge wakatoa maoni yao mchana kweupe, na ndivyo inavyotakiwa. Shida yangu ni hawa wanaouza kujuana.

Marekani wameyaona haya. Michael Deaver alikuwa naibu mkuu wa watumishi wa Ikulu yao enzi za Ronald Reagan. Aliondoka Mei 1985, akafungua kampuni ya ushawishi, na serikali ya Canada ikawa miongoni mwa wateja wake. Machi 1986 jarida la Time likamweka kwenye jalada: ndani ya gari la kifahari, simu sikioni. Sheria ya 1978 ilikuwa inamzuia kwa muda kuwaendea wenzake wa zamani, lakini kilichomtia hatiani Desemba 1987 ni kusema uongo chini ya kiapo kuhusu kazi hiyo. Lyn Nofziger, aliyetoka Ikulu ileile, alitiwa hatiani 1988 kwa ushawishi wenyewe. Mwaka uliofuata rufaa ikamwachia kwa utata wa maneno ya sheria. Sisi tukiandika yetu, tuwe makini kuliko wao.

Sheria yetu ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya 1995 inamtaka kiongozi atamke mali na madeni. Nyumba, shamba, gari. Namba ya simu ya waziri hakuna anayeitamka, ilhali ndiyo inayopanda thamani mtu akishatoka ofisini. Mkulima wa zabibu wa Hombolo, ambaye soko lake huyumba ushuru wa mvinyo ukiguswa, hana wa kumpigia.

Naomba Bunge liwe na daftari la wazi la kila anayelipwa kuonana na wabunge au mawaziri kwa niaba ya mwingine: jina lake, aliyemtuma, na muswada anaoufuatilia. Na aliyetoka Ikulu au wizarani asubiri miaka miwili kabla ya kurudi kubisha hodi kwa ajili ya mteja. Hilo la pili litahitaji sheria, najua. Daftari linaweza kuanza na bajeti ijayo.

Mkazi wa Kikuyu,
Dodoma