Somo, umemwonea Babe Ruth

Baltimore, 20 Oktoba 2025

Somo, salaam nyingi,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza nikiwa kwenye foleni dukani, nikacheka peke yangu hadi watu wakanigeukia. Eti Babe Ruth, yule mpigaji wa besiboli wa enzi za 1920, angesimama mbele ya Ohtani, Mjapani wetu wa leo anayerusha na kupiga, angekosa mipira mitatu akatolewa, akaenda zake kula soseji! Na wewe umekaa miaka sita kwenye mji huu huu aliozaliwa Ruth, hata haya huna.

Kwanza nikukubalie. Ijumaa ile ya Ohtani hata mimi sikulala. Mtu anarusha awamu sita kati ya tisa za mechi, anawatoa wapigaji 10 wa timu ya Milwaukee kwa kukosa mipira, hawapati hata pointi moja kwake. Halafu anashika gongo (la mti, si lile la kunywa) anavusha mpira nje ya ukuta mara tatu. Usiku mmoja! Sina mechi ya Ruth ya kuiweka mezani mbele ya hiyo. Ruth naye alifanya kazi zote mbili, lakini kwa uzito huo ilikuwa misimu miwili tu kwenye timu ya Boston, 1918 na 1919. Alipouzwa kwa timu ya New York akawa mpigaji, na kurusha kukabaki mara moja moja.

Hoja yako ya kasi pia siibishii. Leo mrushaji anafikisha kilomita 160 kwa saa, na akichoka anaingia mwenzake mwenye mkono mbichi. Zama zile aliyeanza ndiye aliyetarajiwa kumaliza. Ikifika awamu ya nane mkono ushalegea kama mlenda, na Ruth yupo pale anamngoja.

Lakini ukimng'oa mtu 1920 ukamtupa uwanjani leo vile vile alivyo, hapo umemwonea. Mpe kwanza makocha wa leo, na video za kila mrushaji atakayekutana naye. Au mpeleke Ohtani kule, asafiri kwa treni hadi St. Louis, tuone.

Mimi kipimo changu, unakijua, ni majirani: mtu namlinganisha na wenzake wa zama zake. Mwaka 1920 Ruth alivusha mipira 54. Aliyemfuata kwenye ligi yao, George Sisler, alivusha 19. Hakuna timu nyingine ya ligi ile, timu nzima na wachezaji wake wote, iliyofikisha 54! Sasa mchukue mpigaji Barry Bonds, 2001, aliyevusha 73, ambazo hadi leo hakuna aliyezifikia. Namba kubwa kuliko ya Ruth, lakini Sosa, mwaka huo huo, alikuwa nyuma yake na 64. Au ule mwaka 1968, warushaji walipowafanya wapigaji watoto wadogo: Yastrzemski akawa bingwa wa upigaji wa ligi yake kwa wastani wa 0.301 (kama mara tatu za kufaulu katika kila kumi), wastani ambao 1930 ungekuwa chini ya ule wa wapigaji wote wa Ligi ya Taifa, moja ya ligi kuu mbili. Msimu uliofuata wakubwa wakakipunguza kichuguu anachosimama mrushaji kutoka inchi 15 hadi 10, ili wapigaji wapumue. Ukizisoma namba bila kujua habari ya kichuguu, utamtukana bure Yastrzemski.

Basi nikawa natamba na kipimo changu hiki, hadi nikakitaja saluni kwa yule mzee aliyekuwa akikunyoa. Alizima mashine. Akaniuliza, "Majirani gani?" Akaiwasha tena akaendelea kunyoa, asiseme neno.

Somo, nilikosa jibu. Ruth alistaafu 1935, na Jackie Robinson, mweusi wa kwanza wa karne ile kuruhusiwa ligi kuu, aliingia timu ya Brooklyn Aprili 1947. Maisha yake yote ya ligi Ruth hakusimama hata siku moja mbele ya mrushaji mweusi kwenye mechi ya kuhesabiwa. Satchel Paige, mrushaji mweusi, walimfungulia mlango 1948, ana umri wa miaka 42, na bado akashinda mechi 6 akapoteza 1 tu. Josh Gibson, mpigaji mweusi, hawakumfungulia kabisa. Alifariki Januari 1947, miaka 35, miezi mitatu kabla ya Robinson. Mwaka jana tu, 2024, ndipo takwimu za ligi za weusi zilipoingizwa kwenye daftari la ligi kuu, na Gibson akakaa juu ya wote kwa wastani wa 0.372, akimpita Ty Cobb, mzungu wa zama za Ruth aliyekuwa juu kabla yake. Wapo wanaonung'unika kwamba misimu yake ilikuwa mifupi na hakukutana na warushaji wazungu. Sawa. Na Cobb alikutana na weusi wangapi?

Kwa hiyo umeshinda kesi, ila kwa ushahidi ambao hukuuleta. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: kati ya wale walioruhusiwa kusimama karibu yake, Ruth aliwaacha wenzake mbali kuliko yeyote niliyemsoma. Ohtani anakutana na Mdominika, Mvenezuela, Mjapani mwenzake, Mmarekani wa kila rangi, yeyote anayejua kurusha. Kilomita 160 zako wala sizihitaji.

Lile sanamu la Ruth nje ya Camden Yards, uwanja wa besiboli wa hapa Baltimore, unalikumbuka? Ulikuwa ukilicheka kwamba fundi kakosea, kampa glavu ya mtu wa kulia wakati Ruth alikuwa mashoto. Nimekuja kujua kwamba shuleni alikolelewa hawakuwa na glavu za mashoto. Alikuwa akiivaa hiyo hiyo mkono wa kushoto, anadaka, anaivua haraka, anarusha kwa mkono ule ule.

Nakwambia hili kwa sababu ile glavu yako uliyoiacha kabatini kaigundua binti yangu, na yeye ni mashoto. Jana jioni nilimchungulia dirishani: anadaka, anaivua, anarusha. Mama yake anataka tumnunulie ya kwake. Nimesema tungoje hadi Machi.

Wasalimie wote nyumbani.

Somo wako