Usukani wa Starlet ukielea msikimbilie reki jamani

Ndugu Mhariri,

Naomba kanafasi kwenye ukurasa wenu wa barua maana kuna jambo limenikera tangu Jumamosi. Kuna msomaji mwenzangu alilalamika kwamba kastarleti kake, yaani Toyota Starlet, kameanza kuelea barabarani, yaani anageuza usukani gari inajifikiria kwanza ndo inakwenda, na jibu alilopewa hapo hapo gazetini ni abadilishe reki nzima (ule mtambo wa meno unaopokea usukani na kugeuza tairi), na kama hela hana basi auze anunue gari ya karibuni. Nikasema huyu mtu anaenda kuliwa hela yake bure. Nayajua hayo kwa sababu mi mwenyewe nilishaliwa.

Mimi ni mwalimu huku Soni, Lushoto, na Starlet yangu ni EP91, zile za mwisho zilizotoka 1996 mpaka 1999 kabla Vitz haijachukua nafasi, injini 4E ya 1.3, namba B, rangi ishapauka lakini mashine bado inadunda. Asiyejua barabara ya Mombo kupanda Soni mpaka Lushoto ni kona juu ya kona, upande mmoja mlima upande wa pili korongo, na mabasi yanashuka kana kwamba njia ni ya kwao peke yao, sasa kwenye njia kama hiyo usukani usiokuambia tairi za mbele zinafanya nini sio suala la starehe, ni suala la kufika nyumbani. Miaka mitatu iliyopita wangu ulikuwa bubu kabisa. Katikati una plei (ulegevu) ya vidole viwili hivi, kwenye kona unakata mara mbili, ukiachia haurudi wenyewe, na ukifunga breki gari inavuta kushoto.

Nikaenda gereji moja (jina silitaji, sitaki ugomvi), wakaishika kidogo wakasema reki imekufa. Nikanunua reki ya mtumba, wakafunga, nikalipa. Plei ikapungua kama robo tu! Wiki ya pili nimerudi kulalamika, fundi akaingia chini na spana akaikaza ile nati ya nyuma ya reki inayosukuma meno yakamatane, akaniambia mwalimu jaribu sasa. Kweli plei ikapungua tena, lakini usukani ukawa mzito na ukikata kona unabaki hapo hapo ulipouacha, inabidi uurudishe kwa mkono kama unafungua kisima. Nilishuka hivyo mpaka Mombo, jasho linanitoka. Naomba wasomaji walijue hilo, ile nati haipo kwa ajili ya kuficha ugonjwa wa sehemu nyingine, ukiikaza kupita kiasi unajitengenezea ajali ya kwenye kona.

Aliyenisaidia mwishowe ni fundi mmoja mzee pale Korogwe, hana hata bango. Hakugusa reki. Aliinua mbele kwa jeki akaniambia shika tairi saa tatu na saa tisa utikise kushoto kulia, kisha shika saa sita na saa kumi na mbili utikise juu chini. (Nikajiuliza anasema saa za kizungu au za kwetu, halafu nikacheka mwenyewe, maana mshale wa saa tatu yetu uko kwenye tisa yao na saa sita yetu iko kwenye kumi na mbili yao, kwa hiyo mikono inakwenda pale pale.) Ikicheza kushoto kulia mtafute tairodi endi (kiungo cha nje cha fimbo inayogeuza tairi) au reki endi (kiungo cha fimbo hiyo upande wa reki), ikicheza juu chini ni boljointi (kiungo cha duara kinachoshika gurudumu kwa chini) au beringi ya gurudumu. Mimi zilicheza zote mbili!

Alivyonieleza yule mzee ni hivi, na mpaka leo sijasikia maelezo mazuri zaidi. Barabara inatuma salamu kwako kupitia watu wengi, tairi anampa boljointi na wishboni (ule mkono wa chuma unaoshika gurudumu kwa chini), anapokea tairodi, anapeleka kwa reki, reki kwa mti wa usukani, ndo inakufikia mkononi. Na katikati ya hao watu kuna raba. Kila raba iliyooza inakula kidogo ile salamu, na wewe ukigeuza usukani amri yako nayo inaliwa vile vile ikishuka. Kwa hiyo gari ya miaka ishirini na kitu ambayo raba zake zote ni zile za Japani ni lazima iwe bubu, hata ukiifunga reki mpya ya dhahabu.

Sasa ngoja niseme nilivyofanya, kwa mpangilio wa hela yangu maana mshahara wetu mnaujua.

Kwanza tairi. Nilikuwa na za mtumba, nene kwa macho lakini ngumu kama kibao. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho mwaka, kwa mfano 2314 ni wiki ya 23 ya 2014, zisomeni kabla hamjatoa hela. Nikanunua mpya size ya kawaida ya 13, sikupanua. Upepo nao watu wanaujazia tu mpaka 40 eti gari iwe nyepesi, matokeo yake inarukaruka kama mbuzi, wengine wanaacha ushuke mpaka usukani unakuwa kama unakoroga ugali. Kibandiko cha upepo kipo kwenye nguzo ya mlango wa dereva, kisomeni. Hapo tu nilishapata kama theluthi ya nilichokuwa nakitafuta, na sikufungua nati hata moja zaidi ya zile za tairi.

Kisha tairodi endi na boljointi, pande zote mbili kwa pamoja, sio huu mtindo wa kubadili kushoto leo, kulia mwakani. Hapa ndo feki zimejaa. Seti yangu ya kwanza niliinunua dukani, boksi safi la Kijapani, maandishi yanang'aa, baada ya miezi mitatu plei imerudi na kile kiraba cha kukinga vumbi kimepasuka. Seti ya pili nilifundishwa jinsi ya kuipima. Kabla ya kulipa shika ile shingo uizungushe kwa vidole, nzima inakuwa nzito na inazunguka sawasawa bila kukwama, feki inalegea hapo hapo au inashikashika kama ina mchanga. Chapa ya 555 original ya Japani ni spea nzuri sana, ila ndo hivyo tena, kizuri huigwa, boksi peke yake lisikudanganye. Muuzaji akikataa usifungue boksi, ondoka.

Bushi za wishboni, zile raba za kwenye maungio yake, ndo penye utamu wa habari yenyewe. Kila upande kuna bushi mbili, ile kubwa ya nyuma ikichoka basi ukifunga breki gurudumu zima linarudi nyuma kidogo, likirudi linabadili uelekeo, ndo ile gari kuvuta upande. Pia ule mwinamo unaofanya usukani ujirudishe wenyewe unapungua. Watu wa kwetu wana njia tatu. Kuna wanaokata raba ya tairi kuukuu wanagongea humo, hiyo sina la kusema. Kuna wanaoenda kwa mchongaji anawachongea nailoni, bei nafuu, inakaza kweli kweli, lakini nailoni haina huruma hata chembe, kila jiwe unalisikia mpaka kwenye meno na mzigo wa shimo unaenda moja kwa moja kwenye bodi na kwenye bolti. Na kuna bushi za poliurethani, raba ngumu za rangi rangi, wanazitengeneza kina Powerflex wa Uingereza na SuperPro na Whiteline wa Australia, hizi inabidi uagize au umpate mtu anayetoka Dubai.

Mimi nilichanganya, na hapa najua watabishana na mimi. Kwenye wishboni nikaweka raba ya kawaida mpya, kwa sababu barabara ya vumbi kwenda kwa wakwe zangu inataka kitu kinachomeza mashimo. Poliurethani nikaiweka sehemu moja tu, kwenye vile vishikizo viwili vinavyoibana reki kwenye chasisi. Jamani. Raba zangu za pale zilikuwa zimekuwa kama jojo iliyotafunwa, reki nzima ilikuwa inasogea kushoto kulia kabla tairi haijageuka, na kumbe ndo ile plei ya vidole viwili, nimebadilisha reki nzima na ile reki ya mtumba ikafungwa kwenye raba zile zile mbovu! Viraba viwili tu. Ukilinganisha na hela niliyotupa kule gereji ya kwanza unaweza kulia.

Kuna jambo fundi wengi hawalijui au wanalijua ila wana uvivu. Bushi ya raba ya wishboni imegandishwa kwenye chuma, haizunguki, inajinyonga tu gari ikipanda na kushuka. Sasa ukiikaza bolti wakati gari iko hewani kwenye jeki na gurudumu linaning'inia, gari ikishushwa chini raba inakaa imenyongwa muda wote hata ukiwa umepaki, na itapasuka mapema halafu utasema spea za siku hizi mbovu. Ifungwe kilegevu, gari ishuke ikae kwa uzito wake, ndo ukaze. Ya poliurethani ni tofauti, hiyo inazunguka, kwa hiyo inataka grisi ya silikoni, usipopaka italia kama kitanda cha chuma.

Maunti za shokapu (vishikizo vya shokapu kwenye bodi) juu pale nazo tusizisahau, zina beringi ndani, ikishika kutu usukani unakuwa mzito na haujirudishi, na watu wanasingizia pampu ya usukani. Na oili ya pawa, ile inayosaidia kugeuza usukani, Toyota za aina hii zinatumia ATF (oili ya giaboksi ya otomatiki), Dexron 2 au 3, sio breki fluidi (nimeona mtu anatia, wallahi), ikishakuwa nyeusi inyonye kwa bomba la sindano kwenye kikopo ujaze mpya, urudie siku mbili tatu mpaka itakate. Hiyo haichukui hata nusu saa.

Mwisho kabisa ndo alaimenti (kupima na kunyoosha uelekeo wa tairi), na nasema mwisho kwa maana yake, ukipiga alaimenti wakati bushi mbovu unapima kitu kinachotembea. Na mchungulie fundi wa alaimenti, kuna wengine usukani ukikaa upande wanauchomoa wanaupachika upya ukae sawa, badala ya kurekebisha tairodi zote mbili kwa kiasi sawa. Kwa macho umenyooka, lakini reki haiko katikati, utaona kona za upande mmoja unakata zaidi kuliko za upande mwingine.

Vijana wangu wa bodaboda hapa kijiweni waliponiona nahangaika wakanishauri niweke usukani mdogo wa michezo, rimu za 15 na speisa tairi zitokeze nje. Usukani mdogo unafanya gari ionekane inageuka upesi kwa sababu mikono inatembea njia fupi, ila reki ni ile ile, plei ni ile ile, na gari yenye eabegi ndo umeitupa. Tairi pana na speisa ndo kabisa, ile mifereji iliyochimbwa na malori kwenye lami ya Segera kwenda Chalinze itakuongoza yenyewe unapotaka na usipotaka, na kila shimo linakunyang'anya usukani. Kukata springi sizungumzii, tairodi zinabaki zimepinda juu na gari inajigeuza yenyewe kwenye kila tuta.

Wenye Vitz na IST wasinitukane, ila hizo usukani wake unasaidiwa na mota ya umeme, na sehemu ya salamu anabaki nayo mota. Tairi, bushi na tairodi zitakusaidia, lakini msitegemee iongee kama EP91 yenye pawa ya oili.

Kwa hiyo Mhariri ombi langu ni dogo, yule fundi wenu anayejibu maswali kabla hajamwandikia mtu badilisha reki, amuulize kwanza tairi zake ni za mwaka gani na kama kuna mtu ameshawahi kuzitazama zile raba mbili zinazoshika reki. Na huyo msomaji mwenzangu kama bado hajauza, apite Korogwe, kule nyuma ya stendi amuulizie yule mzee wa jeki, asubuhi ndo yuko peke yake, mchana foleni. Asimpelekee gari ikiwa na matope, atamrudisha akaoshe.

Mwalimu mwenye Starlet,
Soni, Lushoto.