Mgonjwa wa Sukari Akipata Homa, Msimnyime Sindano

Wanangu mnaouguza wazee majumbani, hapa Tanga, Ngamiani, Makorora, Chumbageni hadi Pongwe, asalaam aleikum.

Limeniudhi neno linalozunguka mabarazani kila korona inapotajwa: "Hajala tangu asubuhi, msimchome, sukari itashuka." Nani kawafundisha? Mwili ukipambana na maradhi hutoa homoni zinazolifanya ini limwage sukari kwenye damu, hata tumbo likiwa tupu. Mkikata insulini, hiyo dawa ya sindano, sukari hiyo haiingii kwenye seli. Mwili unageukia mafuta yake, na damu inajaa asidi. Mgonjwa anatapika, anahema haraka na kwa kina, pumzi inanuka kama matunda yaliyoiva mno. Nanyi mnasema ni mapafu tu, kumbe dawa mmemnyima wenyewe!

Insulini ya muda mrefu, inayofanya kazi polepole, haikatwi. Ya chakula, inayochomwa wakati wa kula, ndiyo hurekebishwa, kwa maelekezo ya kliniki. Pimeni sukari kila baada ya saa 4, usiku na mchana, muandike. Ikiwa chini ya 4 (kwa kipimo cha mmol/L) na anaweza kumeza, mpeni vijiko 3 vya chai vya sukari kwenye maji, mpime tena baada ya dakika 15. Uji mwepesi, kidogo kidogo. Maji mara kwa mara, ila mgonjwa wa moyo au figo afuate kiasi alichopangiwa. Anayetumia metformini, vidonge vya kushusha sukari, akitapika au kuharisha, ulizeni kliniki siku hiyohiyo kama aisimamishe kwa muda.

Na hizi tiba zenu za jikoni. Kijiko kikubwa kimoja cha asali kina takriban gramu 17 za sukari; mkimnywesha tangawizi kwa asali mara nne kwa siku, hesabuni wenyewe. Nyungu nayo: sukari ikiwa juu, mgonjwa tayari anapoteza maji kwa mkojo, nanyi mnamfunika blanketi atoke jasho. Miguu iliyokufa ganzi haisikii sufuria la moto, na kidonda chake hakiponi upesi.

Deksamethasoni, dawa ya kutuliza uvimbe mwilini, msijinunulie dukani. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2020 ulionyesha inamfaa mgonjwa wa korona anayehitaji oksijeni, na hata huko hospitali hupandisha sukari.

Chanjo, barakoa, madirisha wazi: hayo mmeshaambiwa.

Linaloniuma zaidi ni sisi sote. Harusi tunachangishana hadi kadi zinagombaniwa, lakini vijiti vya kupimia sukari ya mama vikiisha, kila mtoto anamtazama mwenzake. Wengine wanaficha hata daftari la kliniki, eti aibu. Wanangu, wekeni daftari hilo na dawa zake kwenye mfuko mmoja karibu na mlango.

Oksijeni ya damu, kwa kipimo cha kidoleni, ikishuka chini ya asilimia 94, sukari ikibaki juu ya 14 vipimo viwili mfululizo, akitapika bila kukoma au akianza kuchanganyikiwa, uchukueni mfuko huo mwende naye hospitali ya Bombo usiku huohuo. Msingoje kuche.