Chipu kwanza, sindano baadaye

Simu nyingi tunazopokea sisi tunaosaidia watu kusafirisha wanyama wao huanza hivi: "Nasafiri wiki ijayo na nina paka, mnanisaidiaje?" Sisi kabla ya kugusa habari za ndege na nauli tunauliza: ana chipu ya utambulisho? Kama anayo, iliwekwa kabla ya chanjo ya kichaa cha mbwa au baada yake?

Hapo ndipo wengi wanapokwama. Mteja mmoja alituletea mbwa aliyetunzwa vizuri kabisa, kadi ya chanjo imejaa mihuri, wala hakuna mwaka uliorukwa. Tulipoiweka kadi kando ya cheti cha chipu tukaona sindano ilichomwa tarehe 4, chipu ikawekwa tarehe 11 ya mwezi huohuo. Siku saba tu! Lakini alikuwa anakwenda Ulaya, na huko chanjo iliyotangulia chipu haihesabiki, maana siku ya sindano hapakuwa na namba ya kuthibitisha kwamba aliyechomwa ni mbwa huyuhuyu. Akachomwa upya, na tiketi ya mwenyewe ikabidi isogezwe mbele.

Chipu yenyewe ni kidude cha ukubwa wa punje ya mchele, kinachoingizwa chini ya ngozi kati ya mabega. Hakina betri, wala hakikuonyeshi mnyama alipo kama wengi wanavyodhani. Kinatoa namba tu kikipitishiwa mashine ya kukisomea. Omba ile ya viwango vya kimataifa vya ISO 11784 na 11785, yenye tarakimu 15, kisha mwombe daktari wa mifugo aisome ukiwapo. Linganisha tarakimu mojamoja na zilizo kwenye cheti. Mbili zikipishana nafasi, kwa afisa wa mpakani huyo ni mnyama mwingine.

Kinachofuata ni kungoja. Umoja wa Ulaya unataka mnyama awe ametimiza wiki 12 ndipo achanjwe, na baada ya chanjo ya kwanza zipite siku 21. Akitoka nchi isiyo kwenye orodha ya Umoja huo, damu huchukuliwa siku 30 au zaidi baada ya chanjo, ikapimwe kingamwili (kinga ambayo mwili umejitengenezea baada ya chanjo) kwenye maabara iliyoidhinishwa. Kiwango kisipungue 0.5 IU (kizio cha kimataifa) kwa mililita, na tangu siku ya kuchukua damu unahesabu miezi 3 kabla ya kuingia. Japani, kwa wanaotoka nchi zenye kichaa cha mbwa, wao husubirisha siku 180. Uingereza nayo hutaka mbwa wanaotoka nchi nyingi wapewe dawa ya tegu si chini ya saa 24 wala zaidi ya saa 120 kabla ya kuingia. Ukimpa mapema mno, umeharibu. Basi hesabu miezi, wiki ijayo isahau.

Wakati unangoja, nunua kizimba. Mnyama asimame bila masikio kugusa dari, ajigeuze, alale kwa kujinyoosha. Kiache wazi sebuleni, mlishe humohumo, siku nyingine funga mlango dakika tano, kesho kumi. Paka aliyezoea kulala kizimbani haoni ajabu kikibebwa. Siku ya safari mtandikie shuka lake la zamani (usilifue, harufu ndiyo inayomtuliza), na maji ya kwenye bakuli la mlangoni yagandishe kwanza, yasimwagike wakati wa kupakia.

Tunaulizwa sana kuhusu dawa ya usingizi. Tunakataa, na mashirika mengi ya ndege nayo hukataa: dawa hizo huweza kushusha shinikizo la damu na kuvuruga pumzi, na huko chini kwenye chumba cha shehena cha ndege hakuna wa kumwangalia. Chumba chenyewe kina hewa na joto linalodhibitiwa. Kinachotutia wasiwasi zaidi ni muda wa kusubiri uwanjani penye jua kali, hasa kwa wenye pua fupi kama mbwa aina ya bulldog na pug, na paka wa Kiajemi. Hao hupata haraka shida ya kupumua, na baadhi ya mashirika hayawachukui kabisa. Tuambie mapema ukiwa na mmoja wao.

Ukitupigia, kuwa na kadi ya chanjo na cheti cha chipu mkononi, utusomee tarehe zote mbili. Tiketi usinunue bado.