Barua kwa Shangazi kutoka Boston: damu iliyochafuka

Boston, Massachusetts
Oktoba 2025

Kwa Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta wewe na wote nyumbani Mombasa mkiwa wazima wa afya. Mimi huku sijambo, namshukuru Mungu, ingawa baridi imekwisha kubisha hodi.

Katika simu yetu ya mwisho uliniuliza kwa nini kila nikikupigia jioni huwa nimetoka kwa wale ulioniambia ni "Wahaiti wangu", na kama hali yao ni hiyo mnayoisikia kwenye taarifa za habari tangu polisi wa Kenya walipotua Port-au-Prince mwezi Juni 2024. Nilikujibu juu juu kwa sababu nilikuwa ndani ya basi. Leo nimepata nafasi ya kukaa kitako, na nimeona nikuandikie wewe kuliko mtu mwingine, kwa kuwa umekanda wazazi kwa zaidi ya miaka thelathini na mengi nitakayoyasema utayajua kabla sijayamaliza.

Kliniki ninayofanyia kazi inahudumia wajawazito na wazazi, na wengi wao ni wa kutoka Haiti. Mwezi Julai, siku ya joto la kuchoma, aliingia mzazi wa wiki tatu amevaa sweta, soksi nzito na kitambaa kilichofungwa hadi masikioni. Mwenzangu alishtuka, akataka kumvua. Mimi nilimwelewa mara moja, Shangazi, maana ndivyo ulivyokuwa ukiwavika wazazi wako. Kwao pia mzazi huogeshwa kwa maji ya moto yaliyochemshwa na majani, na huambiwa asipigwe na upepo wala asikanyage sakafu kwa miguu mitupu, kwa sababu mwili wake bado uko wazi na ubaridi ukishaingia huwa na kazi kutoka. Nilipomwambia kwa Kikrioli changu cha kuokoteza kwamba kwetu mzazi hukandwa na kutunzwa mpaka atimize arobaini, alinitazama kwa muda, kisha akaanza kunieleza mambo ambayo hakuwa amemweleza mtu.

Alisema ana "move san", yaani damu iliyochafuka. Wanawake wa Haiti husema kwamba mtu akipatwa na mshtuko mkubwa, ambao wao huuita "sezisman", au akiudhiwa, akiogopa, akifiwa, damu hupanda na kuharibika. Na kama ananyonyesha, basi maziwa nayo huchafuka, na huitwa "lèt gate". Yeye alikuwa ameacha kumnyonyesha mwanawe kwa kuogopa kumdhuru. Siku chache baada ya kujifungua alikuwa amepigiwa simu na kuambiwa kwamba mtaa aliokulia kule Port-au-Prince umechomwa moto na magenge, na kwamba mama yake amekimbia na nguo alizovaa tu.

Nilimwomba ruhusa nimshushe soksi. Nilibonyeza kidogo juu ya kifundo cha mguu, kidole changu kikaacha shimo, na shimo lile lilikaa. Presha ilikuwa juu. Usiku alikuwa akilala ameegemea mito mitatu kwa sababu akilala chali pumzi humkatika. Hospitali aliyojifungulia alikwisha kuipigia mara mbili, na mara zote mbili aliambiwa kwamba huo ni uchovu wa kawaida wa mzazi. Kumbe moyo wake ulikuwa umetanuka na kulegea, maradhi yanayowapata baadhi ya wanawake mwishoni mwa mimba au katika miezi ya mwanzo baada ya kujifungua. Kule kwao, madaktari wa hospitali ya Albert Schweitzer iliyoko Deschapelles, katika bonde la mto Artibonite, walifanya hesabu wakakuta kiasi cha mzazi 1 kwa kila vizazi 300 hupatwa nayo, kiwango kikubwa sana kikilinganishwa na nchi nyingi. Mgonjwa wetu alilazwa siku ile ile, na sasa anatumia dawa na anapanda ngazi za nyumba yake bila kupumzika njiani.

Nimelifikiria sana jambo hili. Katika faili lake maradhi ya moyo yameandikwa kwenye ukurasa wake, na huzuni yake kwenye ukurasa mwingine, na kila ukurasa una mtaalamu wake na siku yake ya miadi. Yeye mwenyewe alikuja na neno moja linalobeba yote mawili, kama vile kwetu mwanamke anavyosema ana chango na wewe unajua kwamba usimwulize tumbo peke yake. Naamini kabisa kwamba kama ningeipuuza damu yake iliyochafuka, asingeniruhusu kuishika miguu yake.

Wahaiti husema mwanamke ni "poto mitan", nguzo ya katikati inayobeba paa. Ni sifa ya kweli, maana wanawake ndio wanaobeba biashara ya chakula nchini humo, wale wachuuzi wakubwa waitwao Madan Sara, wanaokwenda na mizigo kutoka mashambani hadi masoko ya mjini kwa barabara ambazo sasa magenge yamezifunga au yanazitoza ushuru. Lakini nimeona namna sifa hiyo inavyowaumiza. Ukimwuliza mmoja wao hali, atakujibu "m ap kenbe", yaani ninashikilia, na wauguzi wengi huandika kwamba mgonjwa hana tatizo. Mimi siku hizi nikilisikia neno hilo huvuta kiti.

Kuhusu nchi yao, Shangazi, hali ni nzito kuliko inavyoonekana kwenye televisheni. Hata kabla ya vita hivi vya magenge, zaidi ya nusu ya wanawake walikuwa wakijifungulia nyumbani mikononi mwa wakunga wa jadi, na Haiti ndiyo yenye vifo vingi zaidi vya uzazi katika mabara yote ya Amerika, zaidi ya 300 kwa kila vizazi hai 100,000. Kifafa cha mimba na kutoka damu ndivyo vinavyowaua kwa wingi, na vyote viwili vinatibika kama mama atafika hospitali kwa wakati. Afike hospitali gani? Hospitali Kuu ya Port-au-Prince ilishambuliwa kwa risasi tarehe 24 Desemba 2024, siku iliyotangazwa kuwa ya kuifungua upya. Ile kubwa ya Mirebalais, iliyofunguliwa mwaka 2013 na kutegemewa na eneo lote la katikati ya nchi, ililazimika kuacha kazi mwezi Aprili mwaka huu baada ya magenge kuuteka mji. Watu zaidi ya milioni 1.3 wamehama makwao, wengi wakilala kwenye madarasa ya shule, na katika kambi hizo mwanamke anaogopa hata kwenda chooni usiku.

Ubakaji umekuwa silaha huko, na sitakuandikia niliyoyasikia. Nitakuambia tu kwamba mpaka mwaka 2005 sheria ya Haiti iliuhesabu ubakaji kuwa kosa dhidi ya heshima, na ni wanawake wenyewe waliohangaika mpaka ukatambuliwa kuwa jinai dhidi ya mtu. Watatu kati ya viongozi wao, Myriam Merlet, Magalie Marcelin na Anne Marie Coriolan, walikufa siku moja katika tetemeko la tarehe 12 Januari 2010. Ninapowaza ni nani leo anayewasikiliza wasichana wa kambini, huwakumbuka hao.

Tetemeko lenyewe wanaliita "goudougoudou", kwa mlio wake. Miaka 15 imepita, na bado lori la taka likipita chini ya dirisha la kliniki, kuna mama wa makamo ambaye hushika ukingo wa meza mpaka lipotee. Sasa imeongezeka hofu nyingine. Serikali ya hapa imetangaza kuuondoa ulinzi wa muda, yaani ruhusa ya kukaa hapa bila kurudishwa kwao, waliopewa Wahaiti baada ya tetemeko hilo, kesi ziko mahakamani, na baadhi ya wajawazito wameacha kuja kupimwa wakihofia kukamatwa njiani. Katika Jamhuri ya Dominika, nchi jirani yao, tangu mwezi Aprili, mwanamke asiye na karatasi hutibiwa hospitalini kisha hurudishwa Haiti, hata kama ametoka kujifungua. Mgonjwa wangu ana mdogo wake huko, ana mimba ya miezi saba, na ameapa hatakwenda hospitali. Huwa ananiuliza, kwa kuwa mimi ni Mkenya, kama ndugu zangu polisi wataifungua barabara ya kwa mama yake. Sina la kumjibu.

Nimekubaliwa kuanzisha kikao cha wazazi kila Jumamosi, katika chumba chenye jiko na mlango unaofungwa, na kwa hiyo Desemba hii sitakuja nyumbani. Naomba radhi, na naomba unifikishie radhi hizo kwa Baba. Ninachokuomba wewe ni hiki. Nakumbuka nikiwa mdogo nimekaa mlangoni, nikikusikia ukimkanda mzazi taratibu, ukiwa kimya kwa muda mrefu, kisha ukimwuliza jambo moja kwa sauti ya chini, naye analia, kisha analala. Sikuwahi kulisikia vizuri swali lile. Tafadhali mwambie Mwanaisha akurekodi kwenye simu, unieleze ulikuwa ukiwauliza nini, na ulikuwa ukisubiri mpaka ufike sehemu gani ya mwili ndipo uulize.

Wasalimie wote.

Ni mimi mwanao,
Zuhura