Mheshimiwa Gavana, vichaka vya Vuria visifyekwe

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Taita Taveta,

Pokea salamu kutoka huku milimani. Naandika kwa ajili ya ndege ambaye haishi popote duniani isipokuwa katika kaunti yako. Ni apalisi wa Taita: mdogo kuliko shomoro, mgongo wa kijivu, koo jeusi, tumbo jeupe, mkia mrefu. Sayansi ilimtambua mwaka 1938. Leo wamebaki wachache mno, na wengi wao wako kwenye msitu wa Mlima Vuria.

Asubuhi moja yenye ukungu nilisimama ukingoni mwa msitu nikawaona wawili. Mmoja alining'inia kichwa chini kwenye mmea mtambaazi, akachungulia upande wa chini wa jani, akachomoa kiwavi. Mwenzake akaitikia kutoka ndani ya kichaka, hata mita moja juu ya ardhi hakufika. Wiki chache baadaye nilirudi palepale. Palikuwa pamefyekwa ili miche ipandwe. Miti mirefu yote ilikuwa imesimama, na waliofyeka waliniambia kwa fahari kwamba sasa pako safi.

Mheshimiwa, hapo ndipo tunapokosea. Ndege huyu hutegemea wadudu, na wadudu hao huwatafuta kwenye vichaka vilivyosongamana, hasa pale mti mkubwa ulipoanguka na mwanga ukaingia. Tukikiondoa kichaka tumemnyang'anya chakula na maficho kwa siku moja, hata kama hatukukata mti hata mmoja. Ng'ombe wakichungwa humo matokeo ni yaleyale. Na hana pa kuhamia: misitu yetu ni vipande vilivyozungukwa na mashamba, na huko chini ni nyika kavu.

Nakuomba uagize kwamba ndani ya misitu ya asili na kandokando yake pasifyekwe, hata kwa jina la kupanda miti. Miche ipelekwe kwenye mashamba ya mikaratusi na misindano, ambako chini yake vichaka ni haba, na iwe miti ya kienyeji. Mama anayeingia msituni kutafuta kuni simlaumu. Apewe miche ya kuni apande shambani kwake.

Ukipata nafasi, njoo Vuria alfajiri kabla jua halijakausha majani. Nitakuonyesha kichaka kimoja ambamo bado wanaitikiana.

Wako mtiifu,
Mkazi wa Wundanyi