Watengeneza programu tusome mikataba kabla ya kuota kujiajiri

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme jambo linalotuhusu sisi tunaoandika programu za kompyuta katika ofisi za Dar es Salaam. Tumezoea kumsema mwajiri kuwa mnyonyaji, na kila jioni kwenye foleni ya magari ya makutano ya Morocco hadithi ni ile ile, kwamba mwakani tutaacha kazi tujiajiri. Hamu hiyo hata mimi ninayo. Tatizo ni namna tunavyoitafuta.

Miaka mitatu iliyopita nilimwandikia mzee mmoja mwenye duka la vipuri Kariakoo programu ya kuhesabu bidhaa. Niliiandika usiku, nyumbani kwangu, ila kwa kompyuta mpakato ya ofisi. Nilipotoa notisi ya siku 28, mwajiri alinionyesha kifungu kinachosema kwamba chochote nitakachobuni wakati wa ajira ni mali ya kampuni, na chini yake ilikuwapo saini yangu, ambayo nakiri kwa aibu kuwa niliiweka bila kusoma. Mzee wa watu akarudi kwenye daftari lake.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazilinda programu za kompyuta, lakini ulinzi huo unamfaa mwenye mali, na mwenye mali mara nyingi huamuliwa na karatasi tunayoisaini siku ya kwanza tukiwaza mshahara. Mtengeneza programu Mmarekani, Richard Stallman, alilitambua hilo mapema: Januari 1984 aliacha kazi katika chuo cha MIT ili chuo kisije kudai umiliki wa GNU, mfumo wake wa kuendeshea kompyuta, na hata hivyo mkuu wa maabara alimruhusu kuendelea kutumia vifaa vya pale.

Waajiri nao wana lao. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, sasa kifungu kinachomeza hadi usiku wa mfanyakazi kinatafuta nini, zaidi ya kuwafundisha vijana kuficha?

Kabla ya kusaini mkataba nilio nao sasa niliomba kifungu cha namna hiyo kifutwe. Afisa rasilimali watu alishangaa, akakaa nacho siku mbili, akakifuta. Nimenunua kompyuta yangu, ya mtumba, na mzee wa Kariakoo ameshaniuliza programu itakuwa tayari lini.

Mtengeneza programu,
Kijitonyama, Dar es Salaam
(Jina limehifadhiwa)